Pampu Uliyomtumia Mama

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi cha kifungua mimba wako kimekwisha. Mimi nipo. Karakana ipo, na cheche za kuchomelea bado zinanitoboa mikono ya nguo. Mama naye ni mzima, ukimuuliza mwenyewe. Ukiniuliza mimi, vuta kiti ukae.

Nimekasirika. Nakuambia mapema usije ukadhani ni mwandiko tu umeharibika.

Ni hii pampu yako. Unajua tangu mama apasuliwe goti hawezi kuinama, na shawa ya bafuni ilikuwa inatoa maji kama jicho lenye vumbi. Mwezi wa pili niliweka ndoo ya lita ishirini chini yake nikashika saa. Ilijaa kwa dakika kumi na moja, yaani haifiki hata lita mbili kwa dakika. Nikapanda juu na futi: kutoka kitako cha tangi hadi kichwa cha shawa ni mita moja na robo. Kwa kimo hicho maji yatapata wapi nguvu? Nikakupigia, nikakueleza taratibu kwamba pampu ikae kati ya tangi na bafu. Ukanijibu, "Dada, wewe endelea na mageti yako, haya ya presha niachie mimi."

Haya, nikakuachia. Baba alikubandika jina la Injinia kwa sababu ulifungua redio yake ukiwa na miaka tisa. Redio haikusema tena, lakini jina likabaki.

Fundi uliyemtafuta kwa simu alikuja na mchoro wako. Nikamkuta anaifunga pampu chini uani, kwenye bomba linalotoka mtaani kupanda tangini. Nikamwambia, "Fundi, hapo unasaidia tangi kujaa. Anayeoga ni mama, si tangi."

"Dada, bosi amechora, bosi amelipa," akasema. "Mimi ni mkono tu."

"Mkono bila macho."

Akacheka, akakaza nati, akakupigia picha, akaenda zake.

Sasa sikia hesabu. Tangi lililokuwa linajaa kwa saa mbili linajaa kwa dakika kumi na nane, na mara mbili limefurika hadi dari la chumba cha mama likapata doa kubwa kama sinia. Shawa nimeipima tena kwa ndoo ile ile: dakika kumi na moja kasoro sekunde tano. Hizo sekunde tano nakuachia wewe ujivunie. Pampu inapandisha maji juu, ndiyo, lakini yakishafika huko yanashuka kwa uzito wao tu, kama zamani.

Kuihamisha ni kazi ya asubuhi moja. Bomba la mita tatu na nusu ninalo, koki mbili ninazo, na fundi bomba wa jirani na karakana yangu yuko tayari. Kinachonizuia ni mama. Ameufunga kwa kufuli mlango wa kibanda cha pampu hapo uani, na ufunguo kaufunga kwenye ncha ya khanga. Kufuli lile naweza kulikata kabla chai haijapoa. Lakini nikilikata, mama ataoga na hatanisemesha, namjua.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Miaka sita mwanangu hajakanyaga hapa. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichokumbuka kunifanyia. Leo tukiking'oa, atajua hatukukitaka. Ataacha hata kupiga simu."

Ndiyo maana ukimpigia na kumuuliza maji yakoje, anakwambia yanapiga mgongo hadi unawasha. Nakaa pembeni nasikiliza uongo huo, nauma meno. Akikata simu anakwenda kuoga kwa kuchota maji ya ndoo kwa kopo.

Wiki iliyopita nilimwona na uvimbe mkono wa kulia, toka kiwiko hadi kifundo. Akasema kajigonga mlangoni. Mlango wa bafu uko kushoto. Nikaingia bafuni, nikakuta mguu wa stuli anayokalia akioga umepinda. Stuli ile nimeichomelea mwenyewe, mdogo wangu, na chuma cha unene ule hakipindi kwa kukaliwa. Ameanguka nayo, akajiinua peke yake na goti lile, akaja mezani akaniuliza kama nimekula. Nikimwambia nimwogeshe ananiangalia kama nimemtukana.

Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu imegeuka: mimi niliyepo, ninayempeleka kliniki kila Jumatatu, ndiye lake halipo. Wewe uliyepo kwenye picha ya ukutani ndiye ambaye kosa lako linalindwa kwa kufuli. Najua si wewe uliyemwambia alifunge. Lakini ungenisikiliza dakika tano mwezi wa pili, leo mkono wake ungekuwa mzima. Na usiseme sikusoma. Sikusoma, lakini nilianza kwa kufagia vumbi la chuma kwenye karakana ya mtu, na leo yangu ina watu wanne. Ningekuwa sijui kupima, tungekuwa tunakula nini?

Aliniapisha nisikwambie kwa simu. Barua hakuitaja.

Kwa hiyo fanya hivi. Jumamosi ya tarehe 27, saa tatu asubuhi ya huku, piga. Nitakuwa hapo na yule fundi bomba wa jirani na spana. Usimwambie mama kwamba fundi wako alikosea, maana ataanza kumtetea na yeye. Usimtajie barua hii. Usinitumie pesa, pesa si shida. Mwambie hivi tu: "Mama, nilikosea. Mpe dada ufunguo." Ni maneno matano, nimeyahesabu. Kisha kaa kwenye simu, umuulize habari nyingine, ucheke naye, hata nusu saa, ajue umekosolewa na bado upo. Hilo siwezi kumfungia mimi, hata ningekuwa na spana za dunia nzima.

Nisalimie wifi sana, mwambie gauni lilinitosha. Watoto wabusu wote, waambie shangazi yao si mkali hivi kila siku. Mjomba anakusalimu na anauliza lini unakuja. Nami nauliza.

Mungu akupe afya, akulinde huko ulipo, na akuzoeze kuuliza kabla ya kuchora.

Nimekasirika, lakini ni wako akupendaye,

Dada yako