Kigonsera Ina A Mwishoni

Mpendwa mdogo wangu Skola,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia huko huko uliko, hata kama umezungukwa na watu wa Dar es Salaam wasiojua salamu hiyo. Mimi ni mzima. Mvua zimeanza hapa Mbinga, na barabara ya kushuka ziwani kwenu Kihagara imeanza vituko vyake. Nakuandikia kwa sababu nina kitu kimenikaa kifuani, na padri wetu ameenda Songea kwenye mafungo, basi nakuambia wewe mwenyewe unayehusika. Nina wivu.

Unakumbuka kompyuta ilipofika? Soko la kahawa lilikuwa limefunguliwa, wanunuzi binafsi wameingia mpaka kijijini Ukata, na kampuni yetu ikataka kujua upesi kila kijiji kimeleta kahawa kiasi gani. Mimi nilitokea chama cha ushirika na vidole vyangu vizito vya kupiga taipu. Wewe ulipanda kutoka ziwani na cheti chako cha kozi na mfuko wa usipa, dagaa wakavu wa ziwani kwenu, ulionukisha ofisi nzima. Tukapewa kiti kimoja. Nusu yangu, nusu yako, ingawa nusu yangu ilikuwa inavuka mpaka.

Kuiuliza ile programu tuliweza. Unaandika swali lako, unasubiri, inakuletea majina ya wakulima na mizigo yao. Tabu ilikuwa kulihifadhi jibu. Pale ndipo kilipojitokeza kile kidirisha kidogo, kikitaka kujua liwekwe wapi na liitwe nani. Kilikaa juu ya jibu lenyewe, hata kulichungulia huwezi. Huwezi kugusa kitu kingine mpaka umekijibu. Na ukikosea ukabonyeza pa kughairi, jibu lote limekwenda, na kuuliza upya ni kusubiri muda wa tendo zima la rozari. Wewe ndiye uliyekibatiza. Ulisema, "Dada Kanisia, hiki ni kidirisha cha maungamo. Ukishapiga magoti, huondoki mpaka useme." Nilicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Halafu mambo ya majina. Kidirisha hakikutaka jina lizidi herufi nane. Ukaandika KIHAGARA, ikaingia yote, kana kwamba waliokitengeneza walikwenda kwanza kwenu kupima. Nikaandika KIGONSERA, ikagoma. Nikarudia polepole nikidhani nimekosea kidole. Ikagoma. Ukahesabu, ukaniambia kwa upole wa mtu anayebana kicheko, "Dada, kwenu pamezidi kwa A."

Tukaweka KIGONSER. Misheni nzima, kanisa, shule, kaburi la mama yangu, vyote vimekatwa mkia ili viingie. Tangu hapo kila asubuhi, ukishanipa shikamoo yangu vizuri kama binti aliyelelewa, ulikuwa unaongeza, "Na Kigonser hawajambo?" Nilikuwa najifanya kununa. Kwa kweli kidogo nilinuna. Kwenu mashine ilipakubali, kwetu ikapakata.

Kisha wakakuita makao makuu. Nilikufungia unga wa mahindi, nikakuombea, nikakaa kwenye kiti kizima peke yangu. Nikauliza swali langu la kwanza bila wewe, kidirisha kikajitokeza, na kikafunguka kwenye droo yako.

Unajua yale madroo ya ndani ya kompyuta tuliyoyapa majina, SKOLA na KANISIA. Yule fundi alipoiweka programu, wewe ndiye uliyekuwa umeshika kipanya, basi akakielekeza kidirisha kwako. Kila ninapohifadhi jibu, kwanza naingia kwako, natoka, napanda, natafuta kwangu, nashuka. Nikimaliza na kurudi tena, kimeshasahau. SKOLA. Nikisahau mimi, kazi yangu inakwenda kulala kwako, halafu nafungua droo yangu sioni kitu, na meneja amesimama nyuma yangu anasubiri.

Siku moja aliliona jina lako pale, akacheka. Akasema, "Mama, hata kompyuta bado inamtafuta Skola." Akaenda zake akifurahi. Mimi nilibaki nimekunja uso. Miaka yote hii nimekaa hapa, nimekuja na jua na mvua, na kitu pekee kilichonipokea asubuhi kilikuwa kinakukumbuka wewe.

Hilo ningelivumilia. Nilikuwa nalitolea sadaka kwenye Misa, nasema Bwana, hii nayo pokea. Kilichonimaliza ni barua yako iliyokuja na gari la kampuni. Umeandika umempata rafiki, Aneti, mnakaa meza moja, mnakula pamoja, anacheka kama mimi. Na kwamba umemwambia ile ya kidirisha cha maungamo, ikampendeza, sasa ofisi nzima inakiita hivyo. Niliisoma, nikaikunja, nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Juzi fundi amekuja na programu mpya. Akafungua madroo, akaniuliza, "Mama, huyu Skola si ameshahama? Niifute yake?" Nikasema futa. Nilisema haraka, Skola, nisikufiche. Akabonyeza, kikatokea kidirisha kingine, kidogo zaidi, kikiuliza kama kweli tuna hakika. Fundi akageuka kunitazama, mkono kwenye kipanya.

Tangu mashine ile iingie Mbinga, hilo ndilo swali la kwanza la maana nililosikia ikiuliza. Nikamwambia, "Iache. Ana vitu vyake humo."

Alipoondoka nikajaribu hiyo programu mpya. Nikauliza kahawa ya kwetu, jibu likaja, kidirisha kikajitokeza. Kimefunguka wapi? Kwako tena, huyo fundi hana alichorekebisha. Lakini majina marefu sasa kinapokea. Nikaandika herufi moja moja: KIGONSERA. Ikaingia na A yake. Nikageuka upande ule wa kiti uliokuwa wako ili uone.

Basi nimeliacha jibu hilo humo humo, kwenye droo yako. Sikulihamisha.

Msalimie Aneti. Mwambie dada yako anamwombea, na ni kweli namwombea, ingawa kwa kujilazimisha. Kiti mpe nusu, chakula mle pamoja, kidirisha cha maungamo kimeshakwenda, siwezi kukirudisha. Lakini ile ya A, mdogo wangu, hiyo usimhadithie.

Ni mimi dada yako,
wa Kigonsera nzima.