Nani Atakutoa Ukizama

Waberi, Garissa
Ijumaa, baada ya swala

Kwa mke wangu Mama Shee, Kizingitini

Salamu zangu zikukute umekaa pazuri, goti limetulia na kifua hakikubani. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na meno niliyokuja nayo ninayo yote. Joto la huku usiniulize. Ukianika kanga ya pili, ya kwanza imeshakauka. Maziwa ya ngamia nimeyazoea, sasa chai ya maziwa ya ng'ombe naiona kama maji.

Najua utasema kwa nini nisipige simu. Kwa simu unanikatiza, Mama Shee. Nikianza neno, wewe unalimaliza. Barua haikatizwi, na hili nataka ulisikie mpaka mwisho. Mwandiko usiucheke. Nimesoma ngumbaru nikiwa na mvi, na ukurasa huu umenitoa jasho kuliko mtungi wa hewa. Lakini nimeandika kwa mkono wangu, sikumpa mtu.

Siku ile naondoka ulisimama mlangoni ukaniuliza, "Na umri huo, ukizama huko, nani atakutoa?" Nikakujibu kwa hasira kwamba mimi tangu nizaliwe sijatolewa majini na mtu. Nikabeba mfuko wangu nikatoka, hata kuaga vizuri sikuaga. Basi swali lako nimelibeba mpaka huku.

Kazi yenyewe ni hivi. Kuna kikosi cha uokoaji, vijana kumi na wawili. Mafuriko yakija, mto Tana unabeba watu na magari, na wao ndio wanaoshuka chini. Kuzama na mtungi walishafundishwa. Ninachofundisha mimi ni kingine: mzamiaji akipatwa na shida huko chini, mwenzake amtoe vipi bila kufa wote wawili. Bwana mkubwa wa mafunzo ana vyeti vya kujaza ukuta, lakini amejifunzia kwenye maji ya kuonekana. Tana ni kama chai ya maziwa, ukinyoosha mkono vidole huvioni. Ndipo wakatafuta mtu aliyezamia kambakoche na majongoo ya bahari miaka arubaini, maji safi na maji machafu. Hawakumpata mwingine, wakanipata mimi.

Na mimi ndiye ninayezama. Usicheke! Mwanafunzi hawezi kujifunza kuokoa kama hakuna anayekufa, kwa hiyo mimi hufa. Natupa miwani, natema kidude cha kupumulia, nampanda mtu kichwani kama paka aliyetiwa kisimani. Abdi, ambaye ndiye mwenye nguvu kuliko wote, nilimng'ang'ania siku ya kwanza akatoka analia. Wenzake wakamcheka: "Warya Abdi, umeshindwa na babu!" Wote wananiita adeer, ndiyo kusema baba mdogo. Kote huku hakuna anayejua kuzama kama mimi.

Sasa sikia habari ya Nasra. Huyu ni mmoja wa wale kumi na wawili, binti wa wafugaji wa Banissa, juu kabisa kule Mandera. Amekulia kwenye ngamia na mchanga. Kuogelea amejifunza hapa Garissa ukubwani. Nilimuuliza maji ameyatakia nini. Akaniambia, "Adeer, mafuriko ikija wanawake wanazama na mabuibui yao, na wanaume wanaogopa kuwashika. Mimi nitashika." Jibu hilo nikalipenda.

Lakini kumpendelea sikumpendelea. Nilimwangusha mtihani mara mbili. Mara ya kwanza alinijia kwa mbele, nikamvua miwani. Mara ya pili ilikuwa kwa kamba. Kwenye maji ya matope watu hawaonani, kwa hiyo anayeshuka hufungwa kamba na mwenzake huishika juu. Ukivuta mara moja ni niko sawa. Ukivuta mara nne ni nitoe. Mimi nikajifanya nimechoka hoi, mapovu yanatoka mbio mbio, lakini nikavuta mara moja. Akaniacha. Nilipotoka nikamwambia mbele ya watu, "Nasra, umeniua. Mtu mwenye shida ni muongo, atakwambia yuko sawa mpaka afe. Usiamini mkono wake, amini pumzi yake. Hesabu mapovu."

Akaitikia, "Haye, adeer." Basi. Wala hakulia.

Mtihani wa tatu na wa mwisho ulikuwa Jumatatu asubuhi. Akianguka tena, harudi kikosini. Tulikuwa pale penye kina karibu na mitambo ya kusukuma maji, pamezungushwa wavu wa kuzuia mamba. Nikafungwa kamba, nikashuka. Mpango wangu ulikuwa nilale chini kama mtu aliyezimia, nivute mara nne, anifuate.

Mama Shee, ule wavu ulikuwa umelegea. Mkondo ukanisukuma, kichwa cha mtungi kikaingia kwenye matundu, nikageuka kujinasua, ndio nikajifunga zaidi. Mkono wa kushoto nao ukashikwa. Kisu kilikuwa mguuni na sikukifikia. Nikaona, subiri Lali, wewe ni mtu mzima, utatoka tu. Juu wakavuta kamba kuniuliza. Na mimi, Mungu anisamehe, nikavuta mara moja.

Niko sawa! Na wavu umenikaba, na hewa naimaliza kama mtu anayekimbizwa. Nilikuwa naona aibu. Mwalimu atolewe wavuni kama samaki? Nikaona afadhali nihangaike peke yangu.

Yaliyotokea juu nilielezwa na Abdi. Nasra alikuwa ameshika kamba, anatazama mapovu yangu. Kila siku najisifu kwao kwamba pumzi yangu moja ni pumzi zao tatu. Akaona mapovu hayakatiki. Akaanza kuvaa miwani.

Bwana mkubwa akamzuia. "Ngoja! Kamba imesema yuko sawa."

Nasra akamjibu, "Huyo mzee ndiye amenifundisha nisimwamini." Akaruka.

Mimi nilihisi tu mkono begani, kwa nyuma, kama nilivyofundisha. Nikausukuma. Ndiyo, nilimsukuma, sitaki kukuficha. Akanikunja mkono, akashika mtungi wangu, akanitia mdomoni kidude chake cha akiba. Nikavuta hewa, nikavuta tena. Akangoja pumzi zangu zitulie kwanza, wala hakuwa na papara, ndipo akakata wavu uzi kwa uzi. Tukapanda polepole, na kila nikitaka kwenda haraka ananivuta chini. Ananifundisha mimi!

Tulipotokeza watu wakapiga makofi. Abdi anapiga kelele, "Adeer, leo umezama vizuri kuliko siku zote!" Walidhani ni mchezo. Nasra peke yake hakucheka. Akanishika mpaka ukingoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hii haikuwa mchezo."

Nikamwambia anyamaze.

Naye akanyamaza kweli. Bwana mkubwa akaja na karatasi yake. Akasema Nasra ameanguka, kwa sababu kamba ilisema salama naye akashuka bila amri. Kikosi hakiwezi kuwa na mtu asiyefuata ishara. Nikamtazama yule binti. Maji yanamtiririka, ameinamisha kichwa, na neno moja tu lingemwokoa, lakini hakulisema. Aliniachia mimi.

Nimekaa pale, nguo zimeloa, nikakumbuka wewe na mlango wetu. Halafu nikasimama. Nikasema, "Bwana mkubwa, futa hiyo. Nilikuwa nakufa. Wavu umenishika, nikavuta kamba mara moja kwa ukaidi wangu. Angengoja amri, sasa hivi mngekuwa mnatafuta sanda."

Hata korongo wa darajani naona walinisikia. Bwana mkubwa akaenda akautazama ule wavu uliokatwa, akarudi, akaichana karatasi. Nasra amebaki kikosini, na wavu umebadilishwa.

Sasa nieleze, Mama Shee, nani mwingine amemfundisha mtu mpaka mtu huyo akamshinda yeye mwenyewe, ndani ya maji, kwa dakika chache? Walimu wenye vyeti wako wengi. Lakini anayefundisha wenzake wamtoe hata akikataa kutolewa, huyo ni mimi. Tangu Jumatatu natembea mjini kifua mbele. Siingii mtoni mpaka Nasra aifunge ile kamba kiunoni mwangu kwa mkono wake, na akishafunga hulivuta fundo mara mbili na kunikazia macho. Nanung'unika, lakini namwachia afunge.

Nisalimie mwanangu Shee, mwambie kambakoche wadogo awarudishe majini. Nisalimie dada yangu Mwanamkuu, mkali wa familia, na shemeji yangu Athumani fundi wa mitumbwi, na wajukuu wote mmoja mmoja. Na wewe, kwa vile sikukuaga vizuri mlangoni, nakuaga hapa: kaa salama, mke wangu.

Ama lile swali lako, jibu lake nimelipata. Anaitwa Nasra. Mtie kwenye dua zako.

Mimi mumeo,
Lali wa Omari, mwalimu