Wifi wa Generosa

Jumatatu, 3 Machi 1997

Mzee Hilari anataka chumba chake. Mwanawe anaoa baada ya Pasaka, ataweka mke humu. Mimi na Generosa, mwenzangu wa chumba, tutafute pengine. Kasema kwa upole, lakini kasema.

Generosa akacheka! "Tutapata tu, mwalimu." Ndiyo. Yeye hupata. Mimi hutafuta.

Jumatano, 5 Machi

Majengo, Kashaulili, Makanyagio — nimezunguka kote baada ya vipindi. Vyumba vipo, bei haishikiki. Wachimbaji wa dhahabu wanalipa mwaka mzima mbele, nani atamtaka mwalimu? Na bei ikifaa, swali ni lile lile: umeolewa?

Ila nyumba ya Mama Nyamizi! Matofali ya kuchoma, bati, chumba na sebule, dirisha linatazama mihogo. Kodi naiweza. Nilipanga vitabu vyangu humo nikiwa bado nimesimama mlangoni. Yeye mwenyewe anakaa upande wa pili wa ua; mjane, mkali, msafi. Binti peke yake hampangishii. Eti aliyekuwepo alileta wanaume mpaka mbwa akachoka kubweka. Niende na ndugu wa kunidhamini, ndipo atafikiria.

Ndugu zangu wote wako Sumbawanga.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwomba Isidori, karani wa stesheni, yule anayeimba besi kwenye kwaya yetu, aje anidhamini. Nimemwomba kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeazima jembe. Akaja na shati jeupe.

Mama Nyamizi akauliza huyu ni nani. Nikasema kaka yangu. Haraka hivyo! Nani alinikimbiza? Isidori akanitazama kidogo, halafu akasema ndiyo mama, huyu dada yangu.

Mama atafikiria.

Usiku nikamsimulia Generosa yote. Mpaka shati.

Jumanne, 11 Machi

Generosa kapata nyumba. Ile ile!

Jana alikwenda na Isidori, akasema ni mumewe, ila zamu za treni hazimpi nafasi ya kulala nyumbani. Mama Nyamizi kafurahi sana: kumbe kaka wa mwalimu ana mke! Basi mimi nimekuwa wifi mtu.

"Mbona umenuna? Chumba changu, sebule yako. Au ulitaka tulale stesheni, dada?"

Nilitaka kusema umeninyang'anya. Nikasema asante. Siwezi hata kumlaumu, na hilo ndilo linalonichoma. Neno moja tu, mume — yeye kalisema akitafuna karanga. Mimi hata peke yangu gizani silithubutu.

Jumamosi, 15 Machi

Tumehamia. Isidori kabeba kitanda cha Generosa. Mama Nyamizi hachoki: wifi mtu, mtekee maji mke wa kaka yako! Wifi mtu, mpishe kaka akae na mkewe! Nikapisha.

Generosa akamfuta jasho shingoni kwa upindo wa kanga. Ni kwa ajili ya Mama Nyamizi, aliniambia baadaye. Mama Nyamizi alikuwa ameshaingia ndani.

Jumatano, 19 Machi

Isidori kaja tena. Kala kisamvu nilichopika mimi, akamsifu Generosa kwa sauti ili mama asikie. Mimi na madaftari ya Kidato cha Pili sebuleni, wao uani, wanacheka. Kila kicheko nakipima. Hiki cha kumdanganya mama. Hiki chao wenyewe.

Nikaapa kesho namwambia mama ukweli. Kisha nikaitazama mihogo dirishani. Nikisema, sote nje.

Jumamosi, 22 Machi

Mama yake Isidori yuko sebuleni!

Kaja na lori la dagaa kutoka Ikola. Stesheni kaambiwa mwanawe yuko Kaliua kikazi mpaka kesho, na kwamba hushinda kwenye nyumba hii. Mama Nyamizi kampokea kwa vigelegele. "Wifi mtu! Njoo umpokee mama yako!"

Mama yangu, ambaye sijapata kumwona. Nikapiga goti. Akatutazama mmoja mmoja, akaona kuna jambo, akaitikia tu.

Mama Nyamizi alipotoka kukamata kuku, mgeni akainama kwetu. "Haya, semeni kabla hajarudi. Mwanangu alituma salamu kuwa kuna binti huku anataka nimwone. Jina hakutaja. Ni yupi?"

Generosa hakucheka. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo. Najua maana yake. Nikisema ni mimi, yule mama ataniita mkwe mbele ya Mama Nyamizi, na leo hii tunalala nje. Lakini je, alinikataza kwa ajili ya nyumba tu? Na kama Isidori alimaanisha yeye?

Nikasema ngoja nimletee mgeni kanga ya kubadili. Niko chumbani kwa Generosa, sanduku langu liko huku. Naandika magotini. Kuku ameshanyamaza. Mama Nyamizi anauliza wifi mtu kapotelea wapi. Mgeni anasema muacheni, atakuja.

Kanga nzuri ni ile mpya ya Generosa, hajaivaa hata mara moja. Nimeitoa. Nimejifunga mwenyewe. Natoka hivi, mama yake anione.