Baiskeli ya Bwana Harusi Haiendi Kavu

Nengo, Jumanne. Mvua tangu asubuhi, mulima hauonekani.

Ulipotelea wapi? Tangu mavuno ya maharagi hujafungua ukurasa wetu huu, na mi niko naongea peke yangu kama mutu mwenye homa. Usiniambie kazi. Kila mutu iko na kazi. Bon, umerudi, kaa chini.

Mi sikusoma. Nasema, Josiane anaandika kwenye simu yake. Wewe unayekuja leo mara ya kwanza ujue: Josiane alikuwa aolewe na mutoto wangu Emanweli, mwaka wa tisini na nane. Hawakufika kanisani. Baadaye aliolewa kwingine, akazaa, lakini mimi bado ananiita mama mukwe. Nani atamukataza?

Leo roho yangu ni mbaya.

Asubuhi vijana wanaobeba abiria kwa baiskeli wamekuja kuniomba mafuta ya ng'ombe. Mwenzao Aimable anaoa Jumamosi. Nikafikiri ni ya kumupaka bibi harusi, nikaanza hata kuinuka. Mumoja akacheka, akasema ni ya baiskeli, wanataka ing'ae.

"Mukecuru, bibi yetu, we unajua. Baiskeli ya bwana harusi haiendi kavu."

Nikakaa tena. Neno hilo nilidhani nililizika pamoja na mutoto wangu.

Wakati ule tulikaa Mahoko. Emanweli alikuwa anashusha viazi mpaka Gisenyi, na ule muteremko unaujua, haukusamehe. Kila asubuhi, kabla ya chai, aligeuza baiskeli, tandiko chini, magurudumu juu. Anazungusha gurudumu, anaangalia kama linacheza kuelekea raba za breki. Anabana reyo kwa vidole, vile vyuma vyembamba vya gurudumu, anasikiliza ile iliyolegea. Iko na sauti ya kikohozi, alisema. Baiskeli yake ilikuwa na vitesi, gia za kubadilisha, kitu cha Goma, basi aligusa skrubu zake polepole ili munyororo usirukie ndani ya reyo. Mwisho, tone la mafuta kwenye munyororo, na kitambaa hapohapo.

Nilikuwa namusema, chai inapoa, we unachumbia chuma. Naye ananijibu bila kuinua kichwa: "Mafuta ni ya munyororo, mama. Janti ni ya breki. Hawa wawili hawasalimiani."

Janti ni ile duara ya chuma ambayo raba za breki zinakamata. Ikiwa na mafuta, unakamata hewa.

Miaka ile hatukuwa na harusi. Tulikuwa na mazishi tu. Ilikuwa vita, watu walikuwa wanalala porini na kurudi asubuhi kuona kama nyumba bado iko. Sasa ikaja harusi moja, na rafiki zake wakashikwa na furaha kama wagonjwa. Wakachukua baiskeli yake, wakaiosha, wakaifunga maua kwenye gidoni, pale pa kushikia, wakaipaka mafuta ya ng'ombe kila mahali, kama tunavyompaka mutu wa harusi. Kila mahali. Na janti. Wakamurudishia asubuhi inang'aa, akataka kuigeuza, wakamushika mikono. Leo we ni bwana harusi, usichafuke.

Hawakumuchukia. Hilo ndilo linanikaba. Ningekuwa na mutu wa kulaani ningepona.

Alitangulia mbele yetu kwenda kanisani, kwenye ule muteremko, na manyunyu yalikuwa yameanza. Kwenye kona nilimuona anabana breki zote mbili, baiskeli haikusikia. Akafanya kama wanavyofanya wote wa muteremko, akakanyaga tairi la nyuma. Siku zote alivaa kandambili za tairi, zinakamata. Siku ile alikuwa na viatu vya harusi, chini laini kama sahani.

Mawe yetu ya volkano ni makali.

Josiane ameacha kuandika. Nangojea.

Ameendelea.

Wale vijana sikuwapa kitu. Nikawaambia waniletee Aimable na baiskeli yake, sasa hivi, hata kama mvua inanyesha. Akaja anacheka. Nikamwambia aigeuze hapa barazani. Nikapitisha kidole kwenye janti, kikateleza: walikuwa wamekwisha anza na vazelini, mafuta yangu yalikuwa ya kumalizia. Kicheko kikaisha kabla sijasema lolote. Kisha nikasema, nikasema yote, kwa mudomo wangu huu mubaya, mpaka mumoja wao akaangalia chini.

Aimable ametoa raba zilizokunywa mafuta, ameweka nyingine. Ameosha janti na maji ya moto na sabuni. Ameshuka na kupanda kinjia chetu, anabana breki, gurudumu linasimama. Maua nimemuachia. Maua hayana kosa.

Kukausha, Josiane alimunyang'anya kitambaa. Alipangusa janti ya mbele, akapangusa ya nyuma, akarudi ya mbele. Chuma kilikuwa kimekauka kitambo, yeye anapangusa tu. Hakuna aliyemwambia aache, hata Aimable, na mvua ilikuwa inamungoja.

Jumamosi nitasimama kwenye kona, nimuone anapita.

We, ukirudi, na usikawie hivi tena, geuza baiskeli yako kwenye mulango kabla ya kunisalimia. Nitapitisha kidole. Uje kavu.