Jina Ambalo Sikulitaja kwenye Simu

Keza mjukuu wangu,

Huku Kimironko tu wazima. Mama yako amepona malaria.

Unauliza kama utume jina la mtoa habari wako kwa Wi-Fi ya bure ya mkahawani, kwa kuwa mhariri anakuharakisha. Usitume. Hujui nani anachungulia humo.

Nilipokuwa ripota kijana, nilimpigia mhariri wangu wa Bujumbura kwa simu ya duka moja la Nyabugogo. Akataka jina la karani aliyenifichulia wizi wa mwajiri wake.

"Litaje, ama habari haitoki."

"Isitoke, bosi. Duka zima linanisikiliza."

Kesho yake nilipanda basi hadi Bujumbura, nikamtajia ofisini kwake, mlango umefungwa. Karani akabaki kazini.

Wewe tumia data ya simu yako, au ngoja. Mhariri akipiga kelele, mwache apige. Hata wangu alinisubiri hadi nilipofika.

Bibi yako