Mwisho Nilioutunga Mimi

Jumapili, alasiri. Mvua imeanza kabla ya alfajiri na mpaka sasa haijachoka. Bati linapiga kelele juu ya kichwa changu, na nimekaa na daftari hili kwa sababu sina mtu mwingine wa kumweleza mambo haya bila aibu.

Mauwa amenikataa.

Haya, nimeliandika. Sasa niandike na lililo baya zaidi: aliyemfanya anikatae ni mimi, kwa mdomo wangu huu unaosifiwa Kindu nzima.

Siku za kazi mimi ni karani wa mizigo stesheni. Jumamosi jioni ni mtu wa mikro, wa kipaza sauti. Filamu zinafika na treni, zinasema Kifaransa, au lugha za mbali zenye maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Mimi nakaa nyuma ya ukumbi wa parokia, kando ya projekta, nazigeuza kwa Kiswahili: sauti za wanaume, za wanawake, hata za mbwa. Kwanza tunasimama kuzipigia makofi picha za Chama, kisha kila mtu anakaa kwenye kiti alichokibeba kutoka nyumbani, na mimi naanza. Nikinyamaza kidogo tu, watu wanapiga miluzi. Hawakutembea na viti kichwani ili waje kusikiliza mashine ikikoroma.

Projekta ni moja, kwa hiyo kila mkanda ukiisha taa zinawashwa, Padri anabadilisha, na mimi naweka sahani ya muziki. Watu wanataka rumba ya Kinshasa. Mimi nawawekea sahani niliyoachiwa na Mgiriki mmoja siku alipofunga duka lake na kuondoka. Ni mtu na gitaa tu. Anaimba lugha nisiyoijua, polepole, kama anayeongea peke yake jikoni. Katikati ya wimbo wa tatu anakohoa, na waliotengeneza sahani hawakukifuta kikohozi kile. Nimeisikiliza miaka mingi na bado nakingojea, maana hapo ndipo najua kwamba ni mtu kweli na kwamba hanidanganyi. Majirani wanaiita muziki wa wagonjwa.

Mauwa peke yake ndiye aliyewahi kuniomba upande wa pili. Nikamwazima sahani yote, na moyo pia, ingawa moyo hakuuomba.

Alikuwa na mchumba, Saleh, aliyekwenda mji wa Kama kuchimba dhahabu. Masika tatu sasa, hakuna barua. Walirudi wenzake wawili. Mmoja anasema shimo lilimwangukia, mwingine anasema hapana, alihamia Kampene. Mwezi uliopita nilipeleka kitenge cha posa kwa mama yake Mauwa, na mama akakipokea. Mauwa mwenyewe aliomba muda. Akasema jibu atanipa Jumapili ya leo.

Kisha ikaja filamu hii.

Alhamisi niliitazama na Padri, sisi wawili tu, ili nijitayarishe. Mwanamke wa nchi ya baridi anashuka kila jioni mpaka ziwani, na koti la mwanamume mkononi, kungoja mashua. Mashua inafika, watu wanashuka, yeye anarudi nyumbani na koti. Basi. Hakuna bunduki, hakuna muziki, karibu hakuna maneno. Picha inakaa juu ya mkono wake unaolaza kola ya koti, inakaa mpaka unataka kumshika wewe mwenyewe ule mkono. Mwishoni dada yake anamfuata gatini na kumwambia maneno machache, nami nikayasoma chini ya picha: Alizama. Sote tulimwona. Na wewe ulimwona. Mwanamke anamkabidhi mwenye mashua lile koti, halafu anapanda kilima bila kugeuka nyuma.

Nililia mbele ya Padri. Sijapata kuona filamu inayomheshimu mtu namna ile.

Jana ukumbi ulijaa. Nilijaza ule ukimya wote kwa porojo zangu, watu wakacheka, wakatulia. Mauwa alikuwa mstari wa mbele. Ilipofika gatini, dada akafungua mdomo, na Mauwa akageuka kunitazama huku nyuma. Alikuwa ananingojea mimi. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, kama wa mtu aliyesimama mbele ya daktari.

Nilishindwa.

Nikasema kwenye mikro: "Dada yangu, barua imefika. Bwana yako iko njiani. Mupelekee koti, kule iko baridi."

Na picha zikakubali! Mwanamke akatoa koti, akapanda kilima, na ukumbi mzima ukapiga makofi bila kuamrishwa. Nilitoka pale najiona mwema.

Leo saa nne Mauwa alikuja kwenye mvua. Alileta sahani yangu, na ilikuwa imefungwa ndani ya kile kitenge. Nikajua kabla hajafungua kinywa.

"Yaya Asumani, unisamehe," aliniambia. Mpaka jana nilikuwa Asumani tu. Leo nimekuwa yaya, kaka mkubwa. "Miye nilikuwa karibu kuchoka. Yule mama alingojea, hakuchoka, na bwana yake anakuya. Kesho asubuhi navuka mto mpaka Alunguli, napanda kamio ya Kama. Naenda kumutafuta."

Nikafungua kitenge, nikaitoa sahani.

"Kule Kama iko baridi asubuhi?" akaniuliza.

"Iko," nikasema.

"Basi nitabeba pulova yake."

Akaondoka.

Tangu hapo nazunguka humu ndani. Nikimwambia kweli, ataona ni wivu, na kwa nini asione hivyo? Jana aliniamini mimi, na leo ni mimi huyuhuyu. Sijui kama Saleh amekufa. Labda yuko hai, labda atafungua mlango na kuivaa ile pulova, na mimi nitakuwa mpumbavu tu, jambo ambalo naweza kulizoea. Lakini Mauwa hasafiri kwa sababu ya Saleh. Anasafiri kwa sababu ya sentensi niliyoitunga mimi, na barabara ile wakati wa mvua inakula malori.

Nimeiweka sahani. Wimbo wa tatu, akakohoa. Nikazima, sikuweza kuendelea.

Kesho saa kumi na mbili pirogi ya kwanza, mtumbwi wa abiria, inavuka mto, na nitakuwa ndani yake. Sitasema Saleh amekufa. Nitamwambia tu yaliyoandikwa chini ya picha, kisha apande lori au asipande, anijibu tena au asinijibu kamwe. Nimeyanakili kwenye karatasi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, nisije nikayabadilisha njiani. Nimeitia mfukoni mwa abakosti, koti langu la kazini.

Nimeitoa mara tatu kuisoma kwa sauti, nijizoeze. Kila nikifika kwenye "na wewe ulimwona," namwona amegeuka na uso ule, na mdomo wangu unasema yuko njiani.