Mbuzi wa Cadette

Upande wa Wamaza, Kabambare
Tarehe 9 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Kamaldine,

Pokea salamu za shangazi yako. U mzima huko Lubumbashi? Kifua kimetulia? Mke wako Sifa na watoto hawajambo? Sisi huku tunaamka, tunamshukuru Mungu. Goti langu bado linanisumbua, lakini mdomo, alhamdulillahi, haujaumwa hata siku moja.

Mpunga umestawi mwaka huu. Sombe, majani yetu ya muhogo, tumeila bila chumvi mpaka tukachoka, maana daraja la mto lilioza tangu mvua za mwaka jana, na pikipiki zikawa zinageuzia ng'ambo.

Desturi yetu unaijua. Tangu baba yako, chifu Djamali, atutoke, ngoma ya salongo imefunikwa kitambaa, na wa kuifunua ni wewe mrithi wake. Ngoma isipolia, hakuna wa kuita watu kwenye kazi ya wote. Basi kila mtu alilitazama daraja, akatikisa kichwa, akaenda kulima shamba lake. Hatukuwa wavivu, mwanangu. Tulikuwa tunakungoja.

Sasa nikuambie lililonitoa machozi. Cadette unamkumbuka, yule mama wa Bambote, majirani zetu wa pembeni mwa msitu, aliyekuwa akituletea asali. Binti yake Emmanuella alishikwa na uchungu. Wanaume wakambeba kwa tipoyi, machela yetu ya miti, kumpeleka kwa mkunga ng'ambo. Mto ulikuwa umejaa, wakangoja maji yapungue. Mama amepona. Mtoto hakulia. Nilimpokea pale pale ukingoni kwa mikono yangu hii, Kamaldine, na mpaka leo nikikaa peke yangu nalia.

Matanga yalipokwisha nikasikia shoka mtoni. Kumbe ni Cadette, peke yake, anaangusha mti. Watu wakasimama kutazama. Baba yako mdogo Djafari akamfokea, "Nani alikutuma weye? Ngoma haijalia!" Cadette hata hakugeuka. Alisema tu, "Mujukuu wangu vilevile hakulia."

Nikachukua panga, nikashuka na goti langu hili hili. Wanawake wakanifuata, na wanaume wakaona haya, wakaja, daraja likasimama. Kabla ya Ijumaa Jean-Marie alivuka na pikipiki yake, amebeba chumvi na sabuni. Ndiye atakayeipeleka barua hii Kasongo, itumwe kwako kutoka huko.

Ungedhani wazee wameshukuru. Wapi! Wamemtoza Cadette mbuzi, eti ameita salongo bila ngoma. Naye anaye huyo mmoja tu. Angekuwa mwanamke wa kwetu wangenyamaza, hilo nalijua, na limenikasirisha kuliko yote.

Nimewaza sana. Desturi yenyewe si mbaya. Bila ngoma, kila mwenye sauti kubwa angetuamuru, na hao wachimba dhahabu wanaotoka Lusangi kuutamani mto wetu wana sauti kubwa kweli. Juzi walipofika, hakukuwa na mtu wa kuwajibu kwa jina la wote. Tunahitaji mtu wa kukaa kitini. Lakini baba yako alipokuwa chifu alikuwa akienda kulikagua daraja mwenyewe kila mvua zikikaribia, na viatu ameshika mkononi. Kuongoza nilikokujua mimi ni huko. Kama huko kwenye kazi yako hakukuachii nafasi, sema, sitakulaumu, tutamtafuta mwingine. Kutuacha tukingoja ndiko kunakotuua.

Nisalimie Sifa, wabusu watoto, na dada yako Fatuma mwambie nguo zilifika, nimezivaa sikukuu. Mungu akulainishie njia, akupe sikio la kusikiliza wadogo.

Wazee wanasema mbuzi ni haki ya chifu, kwa hiyo neno lako ndilo litakaloamua. Nimewaambia hakuna wa kumgusa mpaka ujibu. Ukimsamehe Cadette, tuma habari kwa Jean-Marie. Ukimtaka mbuzi, njoo umfungue kamba mwenyewe. Njia ni ile ile moja: utapita juu ya daraja la Cadette.

Shangazi yako anayekupenda hata akikasirika,
Aicha